Mashine Iliyosimama Ikiuliza

Nyie vijana mtakaoshika maandishi haya, kaeni vizuri kwanza. Simu zenu mnazigusa zinawaka, wala hamjiulizi kinachotokea kati ya kugusa na kuwaka. Mimi nililazimika kujiuliza. Sikwenda shule ya maana. Nilijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mambo ya kitaalamu nitawaeleza kama nilivyoelezwa, kwa maneno ya nyumbani, na kama kati yenu yuko fundi atakayeona nimekosea jina la kitu, asinicheke mpaka amalize kusoma.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye chumba kando ya barabara kuu pale Kibiti amekigeuza duka. Huyu anaonyesha video, yule anauza vipuri vya baiskeli. Mwanangu mkubwa, wa kiume, alifungua duka la kupiga chapa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Alianza na taipureta: barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi. Tulikuwa na umeme na waya wa simu, vyote viwili vya kuja na kuondoka, na hivyo ndivyo vilivyowaleta watu wa mradi wa afya mlangoni kwetu.

Watu wa mradi walitaka nyumba ya Kibiti ya kuwekea kompyuta. Kule delta, mto unapoingia baharini, hapakuwa na simu. Mjamzito akikwama, habari inakuja kwa mtumbwi, na mtumbwi unangoja maji yajae. Basi zahanati za huko ziliwekewa redio na kisanduku cha kutuma maneno yaliyoandikwa. Mganga anaandika, maneno yanasafiri kwa redio mpaka kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu, na kompyuta yenyewe inayapitisha kwa waya wa simu mpaka hospitali. Hospitali inatoa boti ya injini. Katikati hapo hakuhitajika mtu. Hata nyumba ikiwa imefungwa, ujumbe unapita, ilimradi kompyuta imewaka, na imewaka upande wake.

Nimesema upande wake kwa sababu ilikuwa na pande mbili. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, ndiye aliyeitengeneza. Upande mmoja alitia Linux, hiyo ndiyo iliyojua kazi ya redio. Upande wa pili alimwachia mwanangu Windows ya kupigia chapa, kwani mradi ulikubali aitumie wakati hakuna ujumbe, na duka ndilo lililotulisha. Pande zote mbili haziwezi kuwaka pamoja. Kuna programu ndogo sana inayoamka kabla ya kila kitu, kazi yake ni kuamua upande gani uamke. Ile yetu ikiitwa Lilo. Unaiandikia majina ya pande zako unavyotaka, na mwanangu akaziita *chapa* na *redio*. Unaiambia ingoje kidogo uchague, na usipochagua iwashe upande upi. Basi. Kazi yake inaishia hapo, inalala, hata huioni tena.

Na kompyuta zile za zamani zilikuwa na swichi ya kubonyeza ikabaki ndani. Umeme ukikatika inazimika, ukirudi inawaka yenyewe. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, Lilo, ya kwanza kuamka, ndiyo iliyoamua nyumba yangu iwe ofisi ya redio au duka la chapa.

Ugomvi ukaanzia hapo, kwa sababu mwalimu alikuwa amewawekea amri fupi ya kugeuza upande wa kutangulia. Binti yangu, mtoto wa pili, ndiye aliyefunzwa na mradi kuiangalia redio. Akiamka asubuhi anakuta kaka yake ameandika *chapa* itangulie. Anaigeuza. Mchana kaka anarudi na mteja wa kadi za harusi, anakuta mashine inanguruma na redio, anaigeuza.

"Wateja wangu hawaji kusikiliza mikoko ikiongea," anasema.

"Na wajawazito hawazai kwa kadi zako," anajibiwa.

"Bi mkubwa, mwambie mwanao," kila mmoja ananigeukia.

"Mwanangu ni wewe pia," nawaambia. "Pelekeni kelele zenu uani, mimi nachambua mchele."

Kuna siku walifikia kushikana mashati mbele ya mteja, watu wazima hao, mmoja ana watoto shuleni. Nikamwita kaka yangu kutoka Bungu, mjomba wao, kwa sababu kwetu mambo ya namna hii mjomba ndiye huyamaliza. Akaja Jumapili. Mwalimu naye akaitwa, akakaa na kikombe cha chai kwenye goti, akaeleza kwa upole kwamba mashine inaweza kuandikiwa vyovyote.

"Mtani wangu," kaka yangu akamwambia, "nyie kwenu mmezoea kuswaga ng'ombe, ng'ombe wa mbele anajulikana. Sisi hapa tuna watoto. Nikisema wa kiume atangulie, nimemdhalilisha huyu. Nikisema wa kike atangulie, huyu atasema nyumba ya mama yake imemtupa na duka lake. Hakuna namna ya kutomtanguliza mtu?"

Mwalimu akacheka. "Ipo, mzee. Naweza kuondoa ule muda wa kungoja. Mashine ikiamka itauliza tu, *redio* au *chapa*, na itasimama hapo mpaka mtu aandike jibu."

"Hata kutwa?"

"Hata mwezi. Lakini ina maana lazima mtu awepo."

"Mtu awepo!" kaka yangu akatazama uani, akanitazama mimi, wakamwana, wajukuu, mpangaji anayeanua nguo zake. "Nyumba hii tangu ijengwe haijawahi kukosa mtu. Andika hivyo, mtani. Iulize. Adabu ni kuuliza."

Kila mtu aliridhika. Hata mimi niliridhika, nilipakua ubwabwa na samaki tukala, na wale wawili wakanawa mikono kwenye beseni moja. Mwalimu alikaa kwenye kompyuta muda mfupi, akafuta mstari mmoja, akaandika amri nyingine. Alimweleza mwanangu kwamba ile amri fupi ya kugeuzia haipo tena, na kwamba Lilo yenyewe haisomi maandishi yako. Ukishaandika, lazima uiamrishe ichukue yale mapya, ama sivyo itaendelea na ya zamani. Mwanangu alikuwa anajibu ndiyo, ndiyo, huku anamsindikiza mteja.

Ikaenda vizuri. Umeme ukirudi, yeyote aliye karibu anapita anaandika neno moja. Hata mimi niliandika mara nyingi, kwa kidole kimoja, *redio*, kisha narudi jikoni.

Sasa, kitinda mimba wangu alikuwa ameolewa huko delta, kwenye kijiji cha mikokoni ambako mumewe alilima mpunga na kuvua kamba. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mtoto huyu ndiye aliyenifanana kuliko wote, kwa sura na kwa ukaidi. Nilimtumia habari aje ajifungulie kwangu, kama ilivyo ada, mimba ya kwanza kwa mama. Akajibu kwa redio, dada yake akanisomea: "Mwambieni mama nitakuja mpunga ukishavunwa. Ndege wanatumaliza." Alikuwa anashinda juu ya dungu kule shambani, na tumbo lile, anafukuza ndege. Nikasema haya, mpunga ni chakula, na redio ipo.

Mwezi huo huo akafa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wake ni wa Ruaruke, wakataka akazikwe kwao. Nyie wa siku hizi mnatuma pole kwenye simu. Sisi, jirani wa ukuta akifa, hubakizi mtu nyumbani anayeweza kutembea. Kumbakiza mtu ni kusema mali yako ni muhimu kuliko maiti yao, na neno hilo linakaa katika mtaa miaka. Lori likaja asubuhi. Wanawake tulipanda na sufuria zetu, wanaume wakapanda na jeneza. Mwanangu alifunga duka. Binti yangu wa pili aliiangalia mashine, ilikuwa imewaka upande wa redio, akatoka akafunga mlango. Mpangaji naye alipanda lori. Tulipoondoka kila kitu kilikuwa sawa, na hilo nataka mlielewe. Hakuna aliyesahau kitu.

Umeme ulikatika tukiwa njiani, ukarudi baadaye kidogo. Haya tuliyajua baada ya kuuliza majirani wa ng'ambo ya barabara. Mashine iliamka yenyewe katika chumba kilichofungwa, ikauliza *redio* au *chapa*, ikasimama.

Tulirudi jua limeshapungua, miguu imejaa vumbi la makaburini. Binti yangu alifungua mlango kabla hata ya kunawa. Nilimsikia akisema, "Ah," kidogo tu. Nikaingia nyuma yake. Kioo cheusi, yale maneno mawili, na kile kialama kikiwakawaka kama kinavuta pumzi. Akaandika *redio*. Tukangoja mashine ijikusanye. Halafu kisanduku kikaanza kulia na ujumbe ukawa unashuka, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mashine ya zahanati ilikuwa haichoki kurudia kila ilipokosa jibu.

Alisoma kwa sauti. Alianza kwa sauti.

"Mama mjamzito, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana. Mkono wa mtoto umetangulia. Tunaomba boti."

"Tunarudia, tunaomba boti haraka."

"Ni ndugu yenu huyu. Mbona hamjibu?"

Wa mwisho alisoma ndani kwa ndani, na mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, akamwambia, "Soma." Akasoma. "Tumemtoa kwa mtumbwi."

Nitawafupishia. Mtumbwi uliondoka maji yakiwa yanakupwa, kwa sababu walingoja boti mpaka maji mazuri yakaisha. Walikwama kwenye tope la mikokoni, mumewe na vijana wengine wakashuka wakausukuma wakiwa wamezama mpaka kiunoni, na yeye amelala ndani juu ya mkeka, ule mkono umefungwa kwa kanga. Boti iliyotoka baada ya ujumbe wetu kupita ndiyo iliyowakuta. Hospitali walimpasua. Mtoto alikuwa ameshakufa. Kizazi kilikuwa kimechanika, wakakiondoa ili wamwokoe mama.

Nesi alinitolea yule mtoto amefunikwa. Nilifunua. Alikuwa wa kiume.

"Mkubwa," nesi akasema. "Mzuri."

"Nimemwona," nikamwambia.

Mwanangu mkubwa alimbeba kumpeleka kuzikwa. Hakumwachia mtu mwingine ambebe, hata mjomba wake alipoomba.

Kitinda mimba wangu alikuja kukaa kwangu baada ya kuruhusiwa. Mumewe alikuwa anakuja na kuondoka, mtu mzuri, hana neno. Baadaye nduguze wakamtafutia mke mwingine, na kwa hilo siwalaumu, ila sikwenda kwenye harusi. Mwanangu mkubwa alikuwa hali. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha duka bila kuwasha taa. Hakuna mtu katika nyumba aliyekuwa anamtazama mwenzake usoni. Kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia mwingine na kila mmoja alikuwa analimeza, na nyumba ya namna hiyo hata chakula chake hakina ladha.

Siku moja mchana, mgonjwa mwenyewe, kitinda mimba wangu, alitoka chumbani akishika ukuta, akaingia dukani. Nilikuwepo. Alivuta kigoda akakaa mbele ya kompyuta, akaiangalia.

"Kaka," akasema, "hii siku ile ilikuwa inangoja nini?"

Mwanangu akakohoa. "Ilikuwa inangoja mtu aiambie iwashe upande gani."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Aliyepo."

"Na mimi nilikuwa naiambia," akasema. "Kutwa nzima nilikuwa naiambia. Mganga anaandika, mimi nalia, anaandika tena."

"Isingeweza kukusikia. Ilikuwa haijaamka bado. Ile inayouliza haijui redio, haijui simu. Inajua kusoma hivi vidude vya kubonyeza tu."

Alifikiri. "Kwa hiyo mliiacha imsikilize mtu aliyemo humu chumbani tu."

Alinyanyuka akarudi kulala.

Jioni hiyo hiyo kaka yangu alifika kutoka Bungu. Alikuwa amekonda. Alisema inafaa tukae tena, tuitane, tuzungumze, kila mtu atoe yaliyo moyoni, kisha tukubaliane upya habari ya mashine.

"Hatukai," nikamwambia.

"Dada, jambo kama hili..."

"Kaka yangu, nakuheshimu. Ulikuja hapa ukawapatanisha wanangu, na walipatana. Lakini tulizungumza sisi tuliokuwa tumekaa kwenye mkeka. Wa delta hakuna aliyemuuliza. Safari hii hatukai."

Aliinamisha kichwa. Sikusema ili kumwumiza, ila kauli hiyo iliumiza, na sikuirudisha.

Mwanangu akaruka akasema, "Mama, nimeshabadilisha. Juzi tu niliandika *redio* itangulie, na muda nimeweka. Haiulizi tena."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Chomoa."

"Mama?"

"Chomoa waya ukutani, halafu chomeka. Nataka nione kwa macho yangu."

Alichomoa. Kompyuta ikazimika. Akachomeka, ikaamka, ikanguruma, kioo kikawa cheusi. Wote tulikuwa tumesimama. Maneno mawili yakatokea, na kile kialama kikiwakawaka. Tukangoja. Haikuondoka pale. Ilisimama inauliza, vile vile kama siku ile.

Mwanangu alikaa chini sakafuni akajishika kichwa. Alikuwa ameandika, kweli aliandika, ila hakuiamrisha Lilo ichukue mapya. Tangu juzi, kama umeme ungekatika tena tukiwa hatupo, ingekuwa yale yale, na yeye anaamini kwamba amerekebisha. Dada yake hakumcheka wala hakumsema. Alienda akamshika begani, na huo ndio mkono wa kwanza niliouona ukimgusa mtu katika nyumba ile tangu msiba.

Kesho yake nikamwita mwalimu. Alikuja hana utani. Nilimwuliza swali moja: ipo nyingine, isiyotaka mtu akumbuke mambo mawili?

Akasema ipo. Mpya kidogo, ikiitwa Grabu. Hiyo kila inapoamka inakwenda yenyewe kusoma ulichoandika, ukibadilisha, imebadilika. Akasema mafundi wengi bado wanaipenda Lilo kwa sababu ni nyepesi na wameizoea, na Lilo haina kosa, ilifanya ilivyoambiwa. Nikamwambia sitafuti mwenye kosa, natafuta isiyotegemea mtu kukumbuka. Na Grabu ikikosea? Akasema ukikosea kuandika, itasimama vile vile, kwa hiyo kila ukiigusa ujaribu mbele ya watu. Jibu hilo nililipenda, kwa sababu hakunidanganya.

Aliketi akaifanya. Binti yangu wa pili alikaa kushoto, mwanangu kulia, na nikamlazimisha kila mmoja aandike mstari wake mwenyewe, ili baadaye asitokee wa kusema hakujua. Nilimwona mwanangu ndiye anayeandika *redio* mahali pa kwanza. Kitinda mimba wangu alikuwa ameegemea mlango, kanga mabegani.

Nikasema chomoa. Wakachomoa, wakachomeka. Maneno yakatokea, muda ukaanza kuhesabika kwenye kioo, hakuna aliyegusa kitu. Muda ukaisha. Ikawasha redio. Kisanduku kikalia, na kutoka delta mganga akauliza kwa maandishi kama tupo. Binti yangu akajibu tupo.

Nikasema chomoa tena. Wakachomoa mpaka nikaridhika, na mwalimu alikuwa anaona haya kidogo kwa jinsi nilivyorudia.

Mwanangu akaniambia taratibu, "Mama, nitafunga duka. Ile Windows niiondoe kabisa, ibaki redio peke yake."

"Halafu tule nini? Dada yako dawa zake nitanunua na nini?"

Nilisimama katikati ya chumba, kaka yangu akiwa pale, wakamwana na wajukuu wamejazana mlangoni, hata mpangaji. Nilisema mara moja tu.

"Duka litabaki. Anayetaka chapa atakuja kukaa hapa, ataingoja mashine inapoamka, na ataichagua chapa kwa kidole chake, kwa sababu yeye yupo na kidole anacho. Asipokuwepo mtu, itawaka redio. Akimaliza mteja wake anairudisha redio kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Haibadilishwi kwa kikao, haibadilishwi kwa ugomvi, na atakayeigusa ataichomoa na kuichomeka mbele yangu. Na akifa jirani, hata akifa wa ukuta kwa ukuta, hata nikifa mimi, mmoja wenu atabaki humu ndani. Mtaa useme unavyotaka. Sasa tokeni, mgonjwa apite akalale."